Barua ya wazi: Wamisri wa kale wasibaki kuwa hoja sita za kukariri

Kwa Waheshimiwa mnaotunga mitaala, mnaoidhinisha vitabu vya kiada na mnaosimamia mitihani ya somo la Historia katika shule za sekondari za Tanzania.

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari ya kata iliyo kando ya Ziwa Victoria, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikishika chaki. Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linamgusa kila mzazi mwenye mtoto sekondari na kila mwalimu mwenzangu anayefundisha kidato cha kwanza na cha pili. Ninawaomba mbadilishe namna Wamisri wa kale wanavyofundishwa na, zaidi ya hapo, namna wanavyotahiniwa, ili mwanafunzi akutane na ushahidi ambao watu wale waliuacha kwa mikono yao wenyewe, ausome, aupime, kisha aeleze anachokiona, badala ya kumezeshwa orodha ya hoja ambazo husahaulika wiki moja baada ya mtihani.

Niruhusuni nianze na karatasi moja ya majibu. Miaka miwili iliyopita shule kadhaa za eneo letu zilifanya mtihani wa pamoja, na swali mojawapo liliwataka wanafunzi waeleze jinsi piramidi zilivyojengwa. Msichana mmoja wa darasa langu, mtoto wa mvuvi, aliandika kwamba piramidi kubwa ya Giza ilijengwa na mafundi pamoja na vibarua walioitwa kwa zamu, wakapewa malazi, wakalishwa mkate na nyama, na kwamba tunalijua hilo kwa sababu makaburi yao na majiko yao ya mkate yamefukuliwa. Alinyimwa alama zote za kipengele hicho. Mwongozo wa kusahihisha ulisema jibu ni nguvu kazi ya watumwa, na msahihishaji, ambaye simlaumu kwa kuwa alifuata alichokabidhiwa, akamwekea kosa kwa wino mwekundu. Aliponiletea karatasi ile hakulia wala hakubisha. Aliniuliza tu: “Mwalimu, kwa hiyo siku nyingine niandike watumwa?” Nikamjibu kwamba aandike watumwa. Jibu hilo nililompa linanikaa moyoni mpaka leo, maana lilikuwa la kumwokolea alama, nami nilijua kwamba si kweli.

Alichokiandika binti yule hakikuwa dhana ya mwalimu wake. Kusini mwa piramidi za Giza umefukuliwa mji wa wafanyakazi, kazi iliyoongozwa kwa miaka mingi na mwanaakiolojia Mark Lehner, na kuanzia mwaka 1990 mwanaakiolojia wa Misri Zahi Hawass na wenzake wakafukua makaburi ya wafanyakazi hao karibu na hapo. Katika mji ule yamepatikana majiko na vyungu vya kuokea mikate pamoja na mifupa mingi ya ng’ombe, kondoo na mbuzi walioliwa. Makaburini imepatikana mifupa ya watu ambao uti wao wa mgongo ulichakaa kwa kazi nzito, na mingine iliyovunjika kisha ikaungwa na kupona, jambo linaloonyesha kwamba aliyeumia alitibiwa akaendelea kuishi. Baadhi yao walizikwa na vyeo vyao vya kazi vimeandikwa kaburini, umbali mfupi kutoka piramidi ya mfalme wao.

Kisha yupo Merer. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf katika pwani ya Bahari ya Shamu, timu ya Mfaransa Pierre Tallet ilipata nyaraka za karatasi za mafunjo ambazo ndizo kongwe kuliko zote zilizowahi kupatikana zikiwa na maandishi. Mojawapo ni daftari la kazi la mtu huyu, mkuu wa kikosi cha wanaume wapatao 40, waliokuwa wakisafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza katika miaka ya mwisho ya utawala wa Khufu, mfalme aliyejengewa piramidi kubwa ya Giza, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Merer hasifu mfalme wala hasimulii miujiza. Anaandika siku kwa siku kwamba kikosi kimepakia mawe, kimesafiri, kimelala mahali fulani, kimefika. Nilipowasomea wanafunzi wangu maelezo ya daftari hilo, kijana mmoja ambaye baba yake husafirisha mizigo kwa mtumbwi kwenda visiwani alisema kwamba hata baba yake ana daftari la namna hiyo: ametoka wapi, amebeba nini, amelala wapi. Dakika ile piramidi ilishuka kutoka mbinguni ikawa kazi ya watu.

Sisemi kwamba watu wale walikuwa huru kama tunavyouelewa uhuru leo. Wengi waliitwa na dola kutumika kwa zamu, na aliyeitwa na mfalme hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Watumwa nao walikuwepo Misri katika vipindi mbalimbali. Lakini hapo ndipo Historia inapoanza kuwa somo: mwanafunzi aulizwe kuna tofauti gani kati ya mtumwa, kibarua anayeitwa kwa zamu na fundi anayelipwa kwa nafaka, kisha alinganishe na kazi za kulazimishwa ambazo babu zetu walifanyishwa wakati wa ukoloni. Mtoto wa miaka 14 anaweza kabisa kulijadili hilo. Nimemwona akilijadili.

Tunachompa badala yake ni hoja. Katika madaftari ya shule nyingi ninazozifahamu, Misri ya kale ni rutuba ya bonde la Mto Nile, kilimo cha umwagiliaji, uongozi imara, biashara, maendeleo ya teknolojia na umoja wa dini. Hoja hizi ni za kweli, wala siombi zifutwe. Lakini fanyeni jaribio dogo ambalo mimi nilifanya ubaoni: futeni neno Misri, andikeni Ghana, Zimbabwe Kuu au Buganda, mtaona kwamba hoja karibu zote zinasimama vilevile kwa kubadilisha jina la mto au la bidhaa. Mwanafunzi aliyemeza orodha hiyo hajajifunza lolote kuhusu Wamisri. Amejifunza umbo la jibu.

Umbo hilo la jibu linawaficha watoto wetu hata vitu vilivyo mbele ya macho yao. Kila mwaka darasa zima huimba kwa Kiingereza ile kauli ya Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, kwamba Misri ni zawadi ya Nile. Mwaka mmoja msichana aliyekuwa amechota maji ziwani asubuhi hiyo aliniuliza kama maji ya ndoo yake ndiyo yaliyofurika mashamba ya Misri. Ni swali zuri kuliko maswali yote niliyowahi kuona kwenye karatasi ya mtihani, na jibu lake linahitaji uangalifu, kwa sababu wengi wetu tungekimbilia kusema ndiyo. Maji ya ziwa letu hutokea pale Jinja, Uganda, hupita maziwa ya Kyoga na Albert, kisha huingia katika kinamasi kikubwa cha Sudd nchini Sudan Kusini, ambako karibu nusu yake hupotea kwa mvuke. Yanayobaki hutiririka karibu kwa kiwango kile kile mwaka mzima. Mafuriko yaliyoleta tope jeusi mashambani yalitoka hasa Ethiopia, kwa Nile ya Buluu na mto Atbara, baada ya mvua za Juni hadi Septemba. Na hata leo takribani asilimia 85 ya maji yanayofika Misri hutoka katika nyanda za juu za Ethiopia. Maji yetu yaliufanya mto usikauke wakati wa kiangazi, na ya Ethiopia yaliirutubisha ardhi. Wamisri wenyewe waliiita nchi yao Kemet, nchi nyeusi, kwa sababu ya tope lile. Mtoto akilielewa hilo, atauelewa pia mkataba wa 1929 ambao Uingereza iliufanya na Misri juu ya maji haya kwa niaba ya makoloni yake, ataelewa kwa nini Tanganyika ilipopata uhuru ilikataa kufungwa nao, na atajua ni kitu gani kilianza kutumika Oktoba 2024 pale mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde la Nile ulipopata nguvu ya kisheria. Yote hayo yamo ndani ya ndoo moja ya maji.

Na pembeni ya ndoo hiyo yameota mafunjo. Waheshimiwa, naomba mnisikilize hapa, kwa kuwa hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mmea ambao Wamisri walitengenezea karatasi, na ambao leo haupatikani Misri ukiota wenyewe kama ulivyokuwa ukijaa zamani, umetapakaa kando ya ziwa letu. Wanafunzi wangu huyapita mafunjo hayo kila siku wakienda shule, na mama zao husukia mikeka na kuezekea. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anajua kwamba ule mchoro wa papyrus uliomo kitabuni ndio mafunjo yale yale, kwa sababu kitabu kimeandika kwa Kiingereza na hakuna aliyewaambia.

Tulikwenda kuyakata siku ya Ijumaa, baada ya vipindi. Tulichukua mabua manene yenye pembe tatu, tukayamenya ganda la kijani mpaka ukatoka moyo mweupe ulio laini kama sifongo. Tuliuchana kwa wembe kuwa vipande virefu vyembamba, tukaviloweka majini, kisha tukavipanga ubavu kwa ubavu juu ya kitambaa, halafu tukapanga tabaka la pili juu yake kwa kukingamana. Tuligonga kwa mchi wa kinu taratibu, tukafunika kwa kitambaa kingine, tukagandamiza kwa matofali ya jengo la maabara ambalo halijakwisha. Siku ya tano tulipofunua, karatasi tatu kati ya saba zilikuwa zimeoza kwa sababu hatukubadilisha vitambaa vilivyolowa. Nne zilikuwa zimeshikana. Zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ngumu kidogo, na ukiziinua kwenye mwanga wa dirisha unaiona ile misuli ya mmea ikikatizana kama msuko wa ukili. Hakukuwa na gundi ndani yake. Kijana mmoja aliandika jina lake kwa kalamu ya unyasi na wino wa masizi, na kabla wino haujakauka akaniuliza Merer alichukua muda gani kuandika ukurasa mmoja.

Muhula uliofuata nilijaribu vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika. Karibu na Bonde la Wafalme kilikuwepo kijiji ambacho sasa kinaitwa Deir el-Medina, walimoishi mafundi waliochonga na kupamba makaburi ya wafalme. Mafunjo yalikuwa ghali, kwa hiyo mafundi na waandishi wao waliandika mambo ya kila siku kwenye vigae na vipande vya mawe ya chokaa: madeni, mashtaka, orodha za kufua nguo, barua. Kipande kimoja kilichoko katika Makumbusho ya Uingereza mjini London ni rejista ya mahudhurio ya mwaka wa 40 wa utawala wa Ramses wa Pili, takribani mwaka 1250 KK. Ina majina 40, na juu ya tarehe nyingi imeandikwa kwa wino mwekundu sababu ya mtu kutofika kazini. Mmoja anaumwa, mwingine anaumwa macho, mwingine ameng’atwa na nge, mwingine anapika pombe, mwingine anauandaa mwili wa mama yake kwa maziko.

Niliokota vigae vya mitungi nyuma ya jiko la shule, nikampa kila mwanafunzi kimoja pamoja na kipande cha mkaa, nikawaambia waandike sababu ya mara ya mwisho waliyokosa shule. Niliporudi kuvikusanya nilikuta malaria, msiba wa bibi, kuanika dagaa, sare haijakauka, kumpeleka mdogo wangu kliniki. Tuliipanga ile orodha ya kale na orodha yetu sambamba ubaoni. Sikuhitaji kuwaeleza kwamba Wamisri walikuwa watu. Nilipowaambia pia kwamba waalimu wa Misri waliwafundisha wanafunzi wao kuandika maneno yanayosema sikio la kijana liko mgongoni, husikia anapochapwa, darasa lilinyamaza kwa muda, kisha sauti ikatoka nyuma: “Hata wao?”

Kiongozi mmoja aliyekuja kukagua maandalio ya masomo wiki hiyo alivikuta vigae mezani. Alinisikiliza kwa adabu, akageuza kimoja mkononi, kisha akaniambia kwamba ninapoteza vipindi kwa mambo yasiyoulizwa kwenye mtihani, na kwamba wastani wa shule hautapandishwa na mkaa. Kwa kipimo alichopewa alikuwa sahihi. Ndiyo sababu barua hii inakwenda kwenu ninyi mnaotengeneza kipimo chenyewe.

Ni katika kijiji hicho hicho cha Deir el-Medina ambako tuna maelezo ya mgomo wa kwanza wa wafanyakazi unaojulikana katika maandishi ya dunia. Ilikuwa mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses wa Tatu, takribani mwaka 1157 KK. Mishahara yao ilikuwa nafaka, na nafaka ilikuwa imechelewa. Mafundi waliweka chini zana zao, wakapita kuta za eneo la makaburi wakisema wana njaa na kwamba siku 18 za mwezi zimekwisha kupita, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu. Walisema wameletwa pale na njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, na wakataka habari zao zifikishwe kwa mfalme. Mwandishi aliyeyaweka hayo kwenye mafunjo alikuwa wa kijijini kwao, na waraka wake uko Turin, Italia. Karatasi moja ya namna hiyo ina uchumi, utawala, dini na maisha ya jamii kwa pamoja, zile hoja zote tunazozidai, isipokuwa hapa zina sauti ya mtu.

Kuna jambo lingine ambalo wenye vitabu hawaligusi, pengine kwa hofu. Watoto wetu hawaji darasani wakiwa hawaijui Misri. Wanaijua kutoka madrasa na kutoka kanisani. Wanamjua Yusufu na ndoto za ng’ombe, wanamjua Musa, na wanamjua Firauni, ambaye wengine humwita Farao, na katika lugha yetu neno firauni limekuwa tusi la mtu mwovu. Mwalimu akiingia na kuanza kuzungumzia mafarao kana kwamba watoto hawajawahi kusikia habari zao, nusu ya darasa hukaa kimya ikijiuliza kama hawa ndio wale. Mimi husema wazi kwamba dini zetu zinatufundisha jambo moja kuhusu Firauni, na kwamba somo la Historia linachunguza vitu vilivyoachwa na wafalme wengi waliotawala kwa karibu miaka 3,000, wema kwa wabaya. Sijawahi kupata mzazi wala sheikh wala mchungaji aliyekuja kulalamika. Ningependa kitabu kimsaidie mwalimu kulisema hilo kwa heshima, badala ya kumwachia alibuni peke yake.

Biblia hiyo hiyo inamtaja Tirhaka mfalme wa Kushi. Huyu ndiye Taharqa, aliyetawala Misri na Kush kuanzia mwaka 690 hadi 664 KK, mmoja wa wafalme wa nasaba ya 25 waliotoka Napata, katika nchi ambayo leo ni Sudan. Kabla yake mfalme Piye alishuka na mto katika karne ya 8 KK akaishinda Misri na kuacha jiwe kubwa linalosimulia vita vyake. Katika madaftari ya wanafunzi wangu Kush haipo, na Meroe, mji wake mmojawapo, inatokea mara moja tu katika orodha ya mahali palipofuliwa chuma. Hawajui kwamba Sudan ina piramidi zaidi ya 200, wala kwamba mwaka 1834 Mtaliano Giuseppe Ferlini alibomoa vilele vya baadhi yake huko Meroe akitafuta dhahabu, wala kwamba makumbusho ya taifa ya Khartoum yameporwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023. Kufundisha Misri bila Kush ni kufundisha ukingo mmoja wa mto, na hilo ndilo pengo ninaloliona kubwa kuliko yote katika mada hii, maana Kush ndiyo inayojibu lile swali la rangi ambalo kila darasa huuliza na kila kitabu hulikwepa: Wamisri walikuwa weusi au weupe? Swali hilo lilijadiliwa kwa ukali mjini Cairo mwaka 1974, katika mkutano wa UNESCO ambako wanazuoni wa Kiafrika Cheikh Anta Diop na Théophile Obenga walitetea Uafrika wa Misri. Watoto wana haki ya kujua kwamba mjadala huo ulikuwepo. Kwa upande wangu huwaonyesha ramani, nikawaeleza kwamba kutoka Delta ya Nile hadi Aswan, na kutoka Aswan hadi Napata, watu waliishi, wakaoana, wakapigana na kufanya biashara kwa maelfu ya miaka, na kwamba kuing’oa Misri kutoka Afrika ni kazi iliyofanywa na wanazuoni wa Ulaya kama Hegel, haikufanywa na mto.

Punt nayo, nchi ya kale ambayo Wamisri walifanya nayo biashara, inastahili angalau ukurasa. Malkia Hatshepsut alituma merikebu huko katika karne ya 15 KK, na kuta za hekalu lake huko Deir el-Bahari zinaonyesha miti ya ubani ikibebwa na mizizi yake ndani ya vikapu. Uchunguzi wa mabaki ya nyani waliopelekwa Misri umeelekeza upande wa Eritrea, Ethiopia na Somalia. Na kwa walimu wa Manyara nina neno moja: Kiiraqw, lugha ya wenzetu wa Mbulu, ni ya tawi la Kikushi kama Kisomali, tawi ambalo liko katika jamaa kubwa moja ya lugha pamoja na Kimisri cha kale, Kihausa na Kiarabu. Ni undugu wa mbali sana, wa maelfu ya miaka. Lakini mwanafunzi wa Mbulu anayeketi mbele ya picha ya Tutankhamun anastahili kuambiwa.

Nisisahau kalenda, maana inatugusa Waswahili. Mwaka wa Wamisri ulikuwa na siku 365, miezi 12 ya siku 30 na siku 5 za ziada, na kila mwezi uligawanywa katika makumi matatu. Wakulima na mabaharia wa pwani yetu walihesabu mwaka wa jua wa siku 365 kwa miongo, siku kumi kumi, miongo 36 na siku 5, kuanzia Nairuzi, ile siku inayosherehekewa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa. Hesabu yetu ilitujia kwa njia ya Uajemi, nami sidai zaidi ya hapo. Nadai tu kwamba mwanafunzi anayeweza kumhoji babu yake juu ya miongo ataielewa kalenda ya Misri kuliko anayekariri kwamba Wamisri waligundua kalenda.

Ninachowaomba hakihitaji fedha nyingi. Katika sura inayohusu Misri wekeni vipande vya maandishi vitano au sita, vilivyotafsiriwa vizuri: daftari la Merer, rejista ya Deir el-Medina, waraka wa mgomo, sehemu ya jiwe la Piye, maelezo ya safari ya Punt. Vitafsiriwe kwa Kiswahili, hata kama somo lenyewe linaendelea kufundishwa kwa Kiingereza, kwa sababu mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka kusoma darasa la saba kwa Kiswahili hawezi kupima ushahidi katika lugha ambayo bado anaitafuta. Wengi wanaodhaniwa hawaelewi Historia wamekwama kwenye sentensi.

Kisha ugeuzeni mtihani, maana kitabu kikibadilika na mtihani ukabaki ulivyo, walimu tutafundisha mtihani. Swali liweze kusema: soma kipande hiki cha daftari la Merer, eleza kinatuambia nini kuhusu watu waliojenga piramidi, kisha taja jambo moja ambalo hakiwezi kutuambia. Nusu ya pili ya swali hilo ndiyo ninayoithamini zaidi. Mwongozo wa kusahihisha nao umruhusu msahihishaji kutoa alama kwa jibu lolote lenye ushahidi, hata kama halimo katika orodha, na yale ambayo akiolojia imekwisha kuyasahihisha yaondolewe humo, tukianza na watumwa wa Giza. Binti niliyemtaja sasa anajiandaa kwa mtihani wake wa mwisho, na sitaki kumwambia tena aandike kitu ambacho mimi na yeye tunajua kwamba si kweli.

Mafunzo kazini nayo yafike kwetu wa vijijini. Si wote tulio karibu na mafunjo, lakini vigae viko kila mahali, na hakuna shule isiyo na mkaa.

Karatasi zetu nne za mafunjo nimezihifadhi kati ya kurasa za kitabu cha atlasi katika ofisi ya walimu, pamoja na sanduku la vigae vya wanafunzi. Kamati yenu yoyote ikikaa kupitia sura hii, niko tayari kuvileta kwa nauli yangu mwenyewe, pamoja na wanafunzi wawili watakaoeleza jinsi walivyovitengeneza na kwa nini karatasi tatu ziliharibika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia,
Shule ya sekondari ya kata, kando ya Ziwa Victoria